Mume Wako Anarudi Saa Kumi na Mbili Jioni

Jamani, nilimzaba wifi yangu kofi mbele ya picha ya marehemu baba, udi bado unawaka.

Ngojeni kwanza kabla hamjanihukumu.

Mama yetu amepotewa na kumbukumbu. Baba, kabla hajafa, alimtengenezea daftari ndani ya kompyuta, kurasa mia mbili na ushee: dawa, mapishi, majina ya wajukuu. Mzee alikuwa mvivu wa kurudia maneno. Mahali pamoja aliweka kigeu, yaani jibu moja tu la "baba yuko wapi". Halafu makro, zile amri fupi alizotunga mwenyewe, zinalichukua jibu hilo na kulijaza kila ukurasa. Ukilibadilisha pale, daftari zima linabadilika.

Tulipomzika, kaka Khoa akaandika: amefariki.

Basi kila mchana Mama anafungua ukurasa wa dawa, anasoma "Mume wako amefariki", anaangua kilio kama ndiyo kwanza anapewa habari. Kila siku msiba mpya. Uji hagusi. Daktari akatuambia asipokula, mwezi haumalizi.

Siku ya arobaini na tisa tangu afe, tunaandaa sadaka ya baba kwa desturi yetu, nikasikia Mama anacheka jikoni. Naenda, namkuta anakula uji wa samaki. Kompyuta imeandika:

"Mume wako ametoka. Anarudi saa kumi na mbili jioni. Wewe kula kwanza."

Maneno yale yalikuwa ya baba kabisa, ndivyo alivyomuaga miaka yote.

Nikamgeukia wifi Nhan, mke wa Khoa, maana ndiye anayeshinda na Mama.

"Unamdanganya mama yangu kwa jina la maiti?"

"Wifi, mimi hata neno la siri silijui."

Hapo ndipo mkono uliponitoka.

Khoa naye akaapa si yeye. Nikarudisha: amefariki. Siku hiyo Mama hakula tena. Kesho yake neno likawa limebadilika tena! Nikaanza kuiogopa ile picha, napita nimeinamisha macho. Nikakagua saa za mabadiliko. Yote mawili, saa kumi na moja alfajiri.

Usiku nikarudisha tena: amefariki. Nikaamka mapema, nikajibanza mlangoni.

Akaja Mama. Akawasha udi, akainama mara tatu, akakaa kwenye kompyuta, akachapa haraka bila kutafuta herufi. Ujanani alikuwa mpiga chapa.

"Mama..."

Hakushtuka. "Alfajiri akili hunirudia kidogo, Diem. Namlilia baba yenu, namaliza. Yule mama yenu wa mchana hajui kitu, na nyie mnamuua kwa ukweli wenu. Siku arobaini na nane nimetafuta mzee alikolificha hili jibu; neno la siri ninalo tangu zamani."

"Mbona hukutuambia?"

"Nikikumbuka, nyie mmelala."

Nilimpigia wifi magoti. Alinisamehe, ila shavu lake silisahau.

Ndugu zangu, kabla hamjaamua linalomfaa mgonjwa, muulizeni mwenyewe, na mumuulize saa anayoweza kujibu.

Juzi alfajiri Mama hakuja, akili haikumrudia. Jana pia. Sasa jibu la baba naliandika mimi.