Ziara Kumi na Moja

Dirisha la dawa lilikuwa limezingirwa na wagonjwa siku Rogasian alipojipenyeza mbele, shati limenyooka, viatu vinang'aa, begi la kampuni begani.

"Kaka, foleni inaanzia kule," alisema Esperansia, mwanafunzi wa famasia aliyekuwa kwenye mafunzo ya vitendo pale hospitali ya Ngara.

"Mimi siumwi, dada. Natangaza dawa."

"Basi ndiyo kabisa usubiri."

Alisubiri hadi saa nane mchana. Tangu hapo akawa anatoka Biharamulo kila wiki, na simu haziishi.

"Umekula, mama?"

"Nimekula, mzee wa maneno."

Wanafunzi wenzake walipokea kalamu na miavuli ya kampuni bila wasiwasi. Esperansia alikataa hata kikombe. Alichopokea ni mtu mwenyewe, na alimpenda kweli kweli.

Jumamosi moja, wakinywa chai mgahawani Nyamiaga, Rogasian alienda kunawa akaacha simu mezani, ripoti ya kazi ikiwa wazi. Esperansia akaona jina lake: "Mtoa dawa mtarajiwa. Ziara ya kumi na moja. Anaelekea kukubali."

Rogasian aliporudi alimkuta amesimama, gauni la kitenge amelikunja ngumini. Alikuwa na hasira, na tuseme ukweli, alikuwa na haki.

"Kwa hiyo mimi ni ziara."

"Espe, nisikilize."

"Juzi mama mmoja aliniuliza achukue dawa ipi, ya kwenu au ya kawaida. Zinatibu sawasawa. Nikataja ya kwenu, Roga, kwa sababu yako. Nilijirekebisha, lakini aibu ninayo mpaka leo. Ndiyo kazi uliyokuja kufanya?"

"Hapana. Kampuni haitoi mafuta ya pikipiki bila ziara. Ningekuonaje? Nikawa nakuandika wewe kama mteja."

"Nitaaminije?"

Rogasian akachukua simu, akampigia bosi wake, Taufiki, akaweka spika.

"Bosi, zile ziara kumi na moja za Ngara, ukiacha ya kwanza, hazikuwa za kazi. Nilikuwa nakwenda kwa mchumba."

"Unajua maana yake, Rogasian?"

"Najua."

"Jumatatu rudisha pikipiki na begi."

Simu ikakatika. Esperansia akakaa taratibu, machozi yanamtoka, hayafuti.

"Jumapili ukija kujitambulisha nyumbani kwetu Rulenge, watauliza unafanya kazi gani."

"Nitawaambia sina."

Esperansia akamsogezea chai yake.

"Njoo Jumapili hivyo hivyo. Baba nitaongea naye mimi."