Somo la Kugawanya la Shekina

Kila asubuhi Shekina na mdogo wake Gloire walitoka kwao Musonoi wakiwa wameziba pua kwa vitambaa, maana malori ya mgodi yalitimua vumbi kuanzia alfajiri. Shekina alikuwa darasa la sita. Gloire alikuwa la tatu, na hesabu za kugawanya zilikuwa zimemtoa jasho hata akazikatia tamaa. Mama yao, Mama Ernestine, ambaye kazi yake ilikuwa kuosha mawe ya shaba mtoni, alikuwa ameshatoa neno lake: Gloire akishindwa jaribio la Ijumaa, ataacha shule aende naye mtoni.

Jumatano mwalimu wa darasa la tatu aliugua. Mkuu wa shule, Madame Stéphanie, akamwomba Shekina, hodari wa hesabu, awafundishe wadogo kugawanya. Shekina alifurahi. Aliwajua watoto wale kwa kusinzia, akaapa kwamba leo hatasinzia mtu.

Akaokota mawe ya kijani yenye shaba kando ya barabara, akawagawia watoto. Wengine wawe wachimbaji, wengine wanunuzi, na kila mchimbaji agawanye mawe yake sawasawa kwa wenzake kabla ya kuuza. Darasa likachangamka ajabu. Lakini watoto wa Musonoi huwapi jiwe wakalihesabu tu. Walitema mate juu ya mawe, wakayasugua waone rangi, wakabishana lipi lina shaba nyingi. Hakuna aliyegawanya chochote. Kengele ilipolia walitoka wakicheka, na Shekina naye akatoka kifua mbele.

Madame Stéphanie alikuwa mlangoni. Akamshika Gloire bega. "Mawe kumi na mbili, batu tatu. Kila mutu atapata ngapi?"

"Inategemea, Madame," Gloire akajibu bila wasiwasi. "Mwenye kupata ile ya kijani sana, moja tu inamutosha."

Shekina alitamani ardhi immeze. Jioni hakula. Alimtazama mdogo wake akimsaidia mama kupanga ndoo za kazi, akaona kila kitu kimekwisha. Yeye mwenyewe, dada mtu, ndiye aliyemfundisha kazi ya mawe, na Gloire alikuwa ameipenda.

Asubuhi alikwenda kujitoa. "Madame, mi siwezi. Nimebaharibu batoto."

"Ulipopanga somo, ulijiuliza nini?"

"Kama batacheka."

"Na kama batatoka banajua kufanya nini?"

Hilo Shekina hakuwa amejiuliza.

"Basi anza pale," Madame akasema. "Mchezo utautafuta baadaye."

Siku hiyo Shekina alileta punje za mahindi, kwa kuwa hakuna punje inayoishinda nyingine thamani. Watoto waliweka punje mojamoja kwenye mafungu, wakaandika jibu ubaoni, kisha wakajaribu bila punje. Shekina alipita kwa kila mmoja na kumuuliza. Kicheko kilikuwa kidogo. Gloire alikosea, akalia, akakosea tena. Karibu na kengele akapata, akajaribu nyingine, akapata tena.

Ijumaa Gloire alifaulu, si kwa alama za kujivunia, lakini alifaulu. Mama Ernestine alifika shuleni na ndoo yake kichwani, akaitazama karatasi ya jaribio.

"Sawa," akasema. "Abakie kwanza." Akaenda zake mtoni peke yake.

Shekina alirudi darasani kwa Gloire akitabasamu. Ndipo alipoyaona madawati matatu ya nyuma yakiwa matupu. Watoto watatu waliokuwa wakiyakalia walikuwa wamecheka kuliko wote siku ya mawe, na tangu hapo hawakuonekana tena shuleni; walikuwa wamekwenda kutafuta mawe mgodini.

Madame Stéphanie akasimama kando yake. "Somo lenye kuchosha linafukuza batoto," akasema polepole. "Lenye kuchekesha bure linabadanganya. Ukipanga somo, jua kwanza mutoto ataweza nini akitoka, halafu mufurahishe mpaka afike pale. Na usimuache atoke kama haujamuuliza."

"Na bale batatu, Madame?"

Madame aliyatazama madawati yale. "Bale," akasema, "tulibachelewea."