Siku Maji ya Tangi Yalipogeuka Meupe

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare, Ratri alichuchumaa mbele ya tangi la kioo lililokuwa sebuleni mwao, katika mtaa mmoja wa jiji la Surabaya, akachota maji kidogo kwa kichupa. Kisha alidondoshea humo dawa ya kupimia, tone baada ya tone, huku akikitikisa kichupa, mpaka maji yaliyogeuzwa buluu na dawa yawe manjano. Kazi yenyewe haikuwa ndefu, lakini kwa Ratri ilikuwa kama kungoja wali uive na huku njaa inauma. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili na miguu isiyojua kutulia. Mama yake alizoea kumuuliza kama amepakwa upupu.

Tangi lilikuwa la baba yake, Pak Wignyo kama majirani walivyomwita kwa heshima, fundi wa jenereta. Samaki walikuwa wawili tu, wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe. Fahari ya baba ilikuwa matumbawe, aliyoyanunua vipande vidogo vidogo kutoka kwa wakulima wa Bali na kuyakuza mwenyewe. Mengine yalisimama kama vidole vya zambarau, mengine yalipepea kama nyasi za kijani. Baba alimfundisha Ratri kwamba tumbawe ni mnyama, na kwamba hujijengea mifupa kwa kalsiamu iliyomo majini, kama mtoto anavyojenga mifupa na meno yake kwa chakula. Lakini kalsiamu peke yake haitoshi. Maji yanahitaji pia ualkali, ambao baba aliuita nguvu ya magadi, na hiyo ndiyo iliyopimwa kwa matone: kadiri matone yalivyokuwa mengi kabla rangi haijageuka, ndivyo nguvu ilivyokuwa kubwa. Matumbawe hutumia vyote viwili kila siku. Bahari ni kubwa, haipungukiwi. Tangi la nyumbani hupungukiwa upesi. Kwa hiyo palikuwa na chupa mbili, ya kalsiamu na ya magadi. Moja ilitiwa asubuhi, nyingine jioni, kidogo tu, na kamwe zisimiminwe pamoja.

Mwezi huo baba aliitwa kutengeneza mitambo ya bandari huko Kalimantan, ng'ambo ya bahari. Mama alikuwa muuguzi katika kliniki ya watoto, na hakuwa na nafasi wala hamu ya tangi. Tangi la kwanza la baba lilikufa lote, nyumba nzima ikanuka, na mama alikuwa ameapa kwamba hili nalo likifa, mahali pake patawekwa kabati. Kazi ikamwangukia Ratri. Akaikubali haraka, kama alivyofanya kila kitu.

Mwanzoni alipima vizuri. Rangi ilibadilika kwenye tone la nane, kama baba alivyotaka. Kisha shule ikatangaza kwamba Jumamosi watachaguliwa wachezaji wa timu ya mchezo wa vinyoya, na kuanzia hapo akili ya Ratri ilihamia uwanjani. Aliamka, akachukua raketi, akatoka. Jioni alirudi amelowa jasho, akala, akalala. Chupa zikabaki rafuni bila kuguswa. Matumbawe yalionekana yaleyale, naye akajiambia kwamba kesho atapima.

Baba alipopiga simu kuuliza hali ya tangi, Ratri alikuwa anarukaruka mlangoni huku rafiki yake Seruni akimngoja nje.

"Nane, Baba. Kama kawaida," alijibu.

Baba akamshukuru, akasema hana wasiwasi tena. Maneno hayo yalimchoma Ratri kidogo, lakini Seruni alikuwa akiita, naye akakimbia. Kesho yake baba akauliza tena, naye akajibu vilevile. Safari hii ulimi haukusita.

Ijumaa baada ya masomo Seruni aliingia ndani kunywa maji. Akainama mbele ya tangi, akauliza kwa nini vile vidole vya zambarau vina ncha nyeupe.

Ratri alisogea. Ncha kweli zilikuwa zimepauka, na zile nyasi za kijani zilikuwa zimejikunja. Akachota maji, akaanza kudondosha dawa. Kwenye tone la tano tu, rangi ikageuka manjano. Akamwaga, akapima upya. Tano.

"Mpigie babako," Seruni alisema.

"Nimwambie nini? Jana nimemwambia nane."

"Umwambie leo ni tano."

"Atajua nilimdanganya. Na kesho anarudi."

Seruni alimshauri walau amngoje mama. Lakini kungoja ndiko Ratri asikokuweza. Alizunguka sebule, akashika chupa, akaiweka, akaishika tena. Kama kidogo kilitakiwa kila siku, aliwaza, basi siku zote zile alizoziruka zinaweza kulipwa kwa mara moja. Akafungua chupa ya magadi, akamimina. Akafungua ya kalsiamu, akamimina palepale.

"Si mlisema zisichanganywe?" Seruni aliuliza, lakini kwa sauti ndogo, maana alikuwa amechelewa.

Wingu jeupe lilitokea mahali alipomiminia. Likatanuka, likashuka, likapanda, na punde tangi zima likawa kama maji ya kuoshea mchele. Samaki wakapotea humo ndani. Ratri aliingiza mkono kama mtu anayeweza kuliondoa wingu kwa kiganja. Pampu ya kuzungusha maji ikaanza kukoroma, kisha ikanyamaza. Samaki mmoja akaonekana juu, akihemea hewa. Alipopima tena, rangi iligeuka mapema kuliko hata mwanzo. Hapo Ratri hakuelewa chochote. Alikuwa ametia nguvu ya magadi nusu chupa, na nguvu ya magadi imepungua.

Mama alipoingia, kofia ya pikipiki ingali kichwani, alikuta watoto wawili na taulo zilizolowa. Akatazama tangi, akauliza kumetokea nini.

"Umeme ulika..." Ratri alianza. Taa ya tangi ilikuwa inawaka. Samaki alikuwa bado anahema juu. Ratri aliketi sakafuni, machozi yakamtoka, akaeleza yote: asubuhi alizoziruka, uongo wa kwenye simu, chupa mbili.

Mama hakugomba. Alivua kofia, akampigia baba simu, kisha akamkabidhi Ratri aongee mwenyewe. Hilo lilikuwa gumu kuliko kofi. Alipomaliza, baba akaanza kutoa maelekezo kwa sauti ya kazi. Wasitie kitu kingine chochote kutoka kwenye chupa. Kalsiamu na magadi, vikikutana kwa wingi, hushikana na kuwa unga wa chokaa ambao matumbawe hayawezi kuutumia, na unga huo ndio ulioziba pampu. Pampu isafishwe kwa siki na kusuuzwa vizuri. Maji yasukumwe ili samaki wapate hewa. Kisha wabadilishe sehemu ya maji leo, na sehemu nyingine kesho asubuhi.

Seruni alisukuma maji kwa bakuli, polepole, bila kuchoka. Mama alikwenda kununua maji safi kwenye kibanda cha kujazia madumu, na Ratri akasugua pampu. Walipokoroga chumvi ya bahari ndani ya ndoo kubwa, Ratri alitaka kuinyanyua papo hapo.

"Ngoja iyeyuke," mama alisema. "Na ipate joto lile lile la tangi."

"Lakini Mama, watakufa."

"Kliniki, mtoto akiletwa amekaukiwa maji mwilini, unadhani namnywesha jagi? Atatapika yote. Nampa kijiko, namngoja, nampa kijiko kingine. Mama yake analia kando kama wewe hivi, na mimi nangoja."

Ratri alikaa karibu na ndoo, akaikazia macho mpaka chumvi ikaacha kuonekana.

Asubuhi ya Jumamosi maji yalikuwa yameanza kung'aa, lakini ilibidi yabadilishwe tena, na uchaguzi wa timu ulikuwa saa ileile. Mama alimwambia achague mwenyewe. Ratri aliitazama raketi, akampungia Seruni mkono dirishani, akarudi kwenye ndoo. Mchana Seruni alileta habari kwamba yeye amechaguliwa na kwamba nafasi zimejaa hadi muhula ujao. Ratri alimpongeza, kisha akaenda jikoni akalia kidogo.

Baba alifika akiwa na mfuko begani. Alisimama mbele ya tangi muda mrefu. Samaki wote wawili walikuwa hai, na nyasi za kijani zilikuwa zimeanza kufunguka, lakini nusu ya lile tumbawe la zambarau ilikuwa imekufa, nyeupe kama mfupa. Akamwambia Ratri apime. Sita.

"Sita nzuri," baba alisema. "Tutaipandisha kidogo kidogo kila siku."

"Umenikasirikia, Baba?"

"Nimekasirika, ndiyo. Sikiliza, mwanangu. Ungeniambia tano, ningekuelekeza kutoka Kalimantan na kila kitu kingepona. Tano naijua dawa yake. Nane ya uongo sikuwa na la kuifanyia. Ukikosea, sema mapema, kosa likiwa bado dogo. Ukilificha, litakukimbiza, na mtu anayekimbizwa hamimini kwa kipimo."

Kisha akachukua koleo, akakata kipande cha zambarau kilichokuwa bado hai, akakipaka gundi chini na kukibandika juu ya kijiwe. Akampa Ratri akishikilie majini mpaka gundi ishike, na akamwonya kwamba mkono ukitikisika, kitaanguka.

Mama alisimama mlangoni akiangalia. Ratri alizamisha mkono hadi kwenye kiwiko. Samaki mmoja akaja kumnusa kidole. Nje, watoto wa mtaa walikuwa wakipiga vinyoya na kuitana kwa majina, nalo jina lake likaitwa. Hakugeuka. Alikishikilia kile kipande mpaka baba aliposema kimeshika.