Taulo la Kocha Usingizi

Mimi ni kinyozi. Siyo kinyozi hivihivi, mimi ndiye kinyozi. Mji huu, kichwa ambacho hakijapita mikononi mwangu labda cha samaki. Nanyoa umeme ukikatika, nanyoa mtu anapiga chafya mfululizo na hapati hata mkwaruzo. Shule sikwenda, shule ndiyo iliyokuja kwangu. Mwalimu mkuu anakaa kwenye kiti hiki, namwambia tulia, anatulia kama mtoto. Kwa hiyo nikikwambia jambo, usiniulize nimelisoma wapi.

Ilikuwa Jumamosi ya kawaida, asubuhi. Feni inazunguka kwa uvivu, redio inakoroma, wateja wamejazana mpaka mlangoni na wengine hawana hata nywele za kunyoa. Wamekuja kubishana. Ubishi wenyewe ni ule ule: kocha bora ni nani, Jasho au Usingizi?

Majina hayo nilitunga mimi, mji mzima ukayafuata. Jasho ni shemeji yangu, kamuoa mdogo wangu wa mwisho, fundi cherehani. Jasho ni mtu wa kazi. Anawafikisha wachezaji uwanjani kabla jogoo hajajua kama kumekucha, anakimbia nao, anatambaa nao, analowa mpaka viatu vya njumu. Halafu yuko Usingizi, kocha wa timu ya ng'ambo ya mto. Huyo mechi ikianza anaegemea benchi, anafumba macho, mpaka kipenga cha mwisho. Na anashinda. Kila mwaka anashinda.

"Mpira ni akili," alisema seremala, shingo yake mkononi mwangu. "Jasho anafundisha. Yule mwingine anabebwa na bahati."

"Na nyie bebweni basi," akajibu fundi viatu. "Nani kawakataza?"

"Siku ile mpira ulimgonga refa mgongoni ukaingia wavuni. Hiyo nayo ni kazi ya kocha?"

"Kombe haliulizi mpira umegonga mgongo wa nani."

Watu wakacheka. Kumbe shemeji yangu alikuwa amesimama mlangoni, kasikia yote. Hakusalimia mtu. Alikuja mpaka kwenye kioo, akatazama mvi zake.

"Shemeji," akaniambia kwa sauti ya chini, "uongozi umesema leo nikifungwa tena na yule mzee, niache funguo za stoo ya mipira niende."

"Utashinda."

"Nimefanya kazi kuliko yeye. Wewe unajua. Nimefanya kazi kuliko watu wote." Alisema vile kama anashitaki kwa Mungu.

Sasa sikiliza habari ya benchi. Usingizi alikuwa na desturi moja. Mwisho wa benchi lake, mkono wa kulia, aliacha nafasi ya mtu mmoja. Hapo aliweka taulo jeupe lililokunjwa vizuri na chupa ya maji iliyofunguliwa. Hakuna mchezaji aliyekaa pale, hata mvua inyeshe. Watu walisema ni ushirikina wa makocha, kila mmoja ana wake. Lakini mimi nilikuwa nakaa nyuma ya mabenchi, na macho yangu haya yanamwona siafu aliye kona ya pili ya uwanja. Hakuna mkono uliogusa ile chupa. Maji yalikuwa yanapungua.

Mchana ule tukafungwa goli la kijinga. Kona yao ilikuwa inatoka nje, upepo ukaurudisha mpira, ukamgonga beki wetu gotini, wavuni. Upepo wenyewe hakuna aliyeuhisi. Mapumziko yalipofika, shemeji hakwenda kwa wachezaji wake. Alivuka mstari, akaenda benchi la wenzake. Uwanja mzima unamtazama. Akakaa kwenye ile nafasi.

"Kama bahati ni kiti," akasema, "leo na mimi nakaa."

Akachukua taulo, akajifuta uso, shingo, na kwapa. Akanywa maji mpaka ya mwisho. Jukwaa likalipuka kwa vicheko.

Usingizi alifumbua macho. Nilidhani atagomba. Mzee alikuwa analia. Analia kama mtu aliyetuliwa gunia begani.

"Pole, mwanangu," akasema. "Sikukupa. Umechukua mwenyewe."

Akainuka, akatoka getini, mechi haijaisha. Kipindi cha pili golikipa wao aliudaka mpira vizuri, akateleza kwenye nyasi kavu, akaingia nao golini. Halafu akafanya hivyo tena. Tukashinda. Shemeji alibebwa juu juu. Mimi nilikuwa mbele ya wote nikiimba, na sauti yangu siku hiyo ilisikika mpaka ng'ambo ya mto.

Tukaenda kwake kumpa mdogo wangu habari njema. Tulimkuta sakafuni, chini ya cherehani yake. Amelowa jasho. Kifua kinapanda na kushuka.

"Kaka," akaniambia, "nimechoka kukimbia."

"Umekimbia wapi, mama?"

"Sijui. Kulikuwa na watu wengi wananipigia kelele."

Tukasema ni joto. Wiki iliyofuata tukashinda tena, na mpira wenyewe ulipigwa kwenda nje. Tukamkuta kitandani, hajiwezi. Mechi nyingine, ushindi mwingine, na kila ushindi ulikuwa wa ajabu kuliko uliopita. Mdogo wangu akaacha cherehani kwa sababu miguu ilikuwa haina nguvu ya kukanyaga pedali. Kucha za vidole vya miguu zikawa nyeusi, zikang'oka, kama za wachezaji. Daktari alimpima juu mpaka chini. Akauliza, "Huyu ni mwanariadha?" Tukasema huyu ni fundi wa nguo, kutoka ndani hatoki. Daktari akaandika dawa ya vitamini, akanawa mikono.

Watu wazima husema usisafirie nyota ya mwenzio. Nilikuwa nalisema hilo kila siku nikinyoa, bila kujua nasema nini.

Ndipo siku moja, mchana, kibanda kitupu, akaingia Usingizi. Amenenepa, macho yana uhai. Timu yake ilikuwa inafungwa kila wiki, yuko mkiani kabisa, na mzee anatembea anapiga mluzi. Akakaa kwenye kiti. Nilipomfunga shuka shingoni akauliza bila kunitazama.

"Nani anaumwa kwenu?"

Mkono wangu ukasimama. Mkono wangu haujawahi kusimama.

"Mdogo wangu. Mke wa Jasho."

"Miguu?"

"Miguu."

Akajitazama kwenye kioo. Halafu akanong'ona, "Mimi nilianza na mke. Akaja mwanangu mkubwa. Kisha mdogo. Nyumba ilipobaki tupu, sijui hiyo bahati ilikuwa inamtoa wapi wa kumchezesha. Unadhani nilikuwa nalala kwenye benchi? Nilikuwa nafumba macho nisimwone anayekimbia."

Nikazima mashine.

"Mzee, wewe uliipata wapi?"

"Kwa aliyenifundisha. Nilikalia nafasi yake, nikajifutia taulo lake, kama shemeji yako. Nilikuwa na uchungu kama wake."

"Aache kazi basi."

"Niliacha. Nikaenda kutazama watoto wa shule wakicheza, timu moja ikanivutia. Ikashinda. Niliporudi nyumbani mwanangu alikuwa hapumui. Haichezi kwa sababu wewe ni kocha. Inacheza kwa sababu moyo wako umetaka. Ukishindwa, mtu wako anapumzika. Akipumzika msimu mzima, nadhani yenyewe huondoka. Nadhani. Mimi sikuwahi kuweza."

Nilimpelekea shemeji maneno yale. Nilitegemea atacheka. Hakucheka. Alikuwa amekaa pembeni ya kitanda, anampaka mdogo wangu dawa ya kuchua, dawa ile ile ya wachezaji.

"Nilishahesabu," akasema. "Tukitoka sare anaamka. Tukishinda analala."

"Sasa?"

"Sasa nitashindwa."

"Utaweza?"

Akanitazama kwa macho mekundu. "Shemeji, nimeshindwa maisha yangu yote. Hiyo ndiyo kazi ninayoijua."

Mechi ya kufunga ligi ilikuwa dhidi ya Usingizi. Tukishinda, kombe letu. Makocha wawili wale, maadui wa miaka na miaka, walikutana nyuma ya kibanda changu wakapanga. Usingizi atashambulia na watu wote. Jasho atapanga kikosi cha kichekesho: golikipa acheze mbele, mshambuliaji akae langoni, na katikati yule kijana mnene ambaye kazi yake ilikuwa kubeba koni za mazoezi. Walipeana mikono. Mzee akasema, "Safari hii usifumbe macho. Tazama mpira na uuchukie."

Mimi sikwenda uwanjani. Nilikaa na mdogo wangu, mke wangu akiwa jikoni anachemsha maji. Dirisha lilikuwa wazi, jua kali, na uwanja uko karibu kiasi kwamba unasikia kipenga. Mdogo wangu alikuwa amelala chali, mwembamba, miguu mitupu juu ya shuka.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Tulisikia zomeazomea. Watu wetu walikuwa wanamtukana shemeji, na mimi nilifurahi kusikia anatukanwa. Mdogo wangu akaomba uji. Akanywa. Akanitania kwamba nimeota kitambi na najifanya sijakiona. Sijawahi kumwona mzuri vile.

"Kaka, leo mbona hawaniiti?"

"Hawatakuita."

Kipindi cha pili kikaanza. Sare. Muda ukaenda. Nikaanza kuhesabu pumzi. Halafu zomeazomea zikakoma.

Uwanja ukanyamaza wote.

Akageuza uso dirishani. "Wameniita," akasema.

"Usiende."

"Nishike miguu."

Nikamshika. Mimi nimewahi kumzuia fahali kwa pembe, waulize watu. Miguu yake ilikuwa kama vijiti. Ikaanza kucheza. Polepole. Kisha kasi. Nikailalia. Ikaninyanyua. Kitanda kikatoka ukutani. Mke wangu akaja na sufuria mkononi, akasimama mlangoni, hakusogea.

"Kaka, nishike."

"Nimekushika."

"Hujanishika. Niko mbali."

Mguu mmoja ukanichomoka. Ukanipiga teke kifuani. Nikaangukia cherehani. Nilipoinua kichwa, alikuwa ameinuka kitandani nusu, shingo imejinyoosha, kama mtu anayeruka kupiga kichwa. Huko nje uwanja ukalipuka. Kelele zile zikaingia dirishani zikajaa chumba.

Akalala. Taratibu. Kama nguo iliyoanguka kutoka kwenye kamba.

Shemeji alikuja anakimbia, watu nyuma yake wanaimba jina lake. Aliwafungia mlango. Alipomwona alikaa chini.

"Ile pasi," akasema. "Miaka yote nawafundisha ile pasi. Hakuna aliyewahi kuipiga. Leo yule mnene, yule wa koni, kaipiga. Kama nilivyomchorea chini kwa kijiti. Nilitaka, shemeji. Nukta ile moja tu. Nilitaka iwe goli."

Waliokuwepo uwanjani wananihadithia mpaka leo. Pasi ilikuwa safi, lakini golikipa wetu aliyechezeshwa mbele akaupiga mpira juu, unakwenda zake jukwaani. Ukafika mbele ya goli, hewani, mahali hapana mtu. Ukagongwa. Mlio wa kichwa na mpira, waliokaa nyuma ya goli wote wameusikia. Ukashuka wavuni.

Mke wangu ndiye aliyemwosha mdogo wangu. Aliniita chemba, ananong'ona. Katikati ya vidole vya miguu alikuta nyasi mbichi. Kwenye paji la uso palikuwa na duara jekundu, ukilitazama vizuri unaona mishono. Alisugua mpaka mikono ikamuuma, halikutoka.

Shemeji hafundishi tena. Hatoki. Anaziba masikio kwa pamba siku za mechi, anageukia ukuta, anajilazimisha kutompenda mtu yeyote duniani, na mimi amenikataza kwenda kwake. Kombe liko ofisini kwa uongozi, wamelipiga rangi. Na kibandani kwangu bado wanabishana.

"Kumpanga golikipa mbele," anasema seremala, "ile ni akili ya kimataifa. Nani mwingine angewaza? Mlikuwa mnasema bahati, bahati. Mpira ni kazi, jamani. Jasho alivuja jasho."

Fundi viatu siku hizi anakubali kwa kichwa. Na mimi, ambaye hakuna ubishi nimewahi kuuachia mtu, nanyoa tu.

Wewe unaniona naongeza chumvi. Sawa. Mji mzima unasema hivyo. Lakini subiri wateja watoke, nifunge mlango, nivue shati. Hapa, chini ya titi la kushoto, aliponipiga teke. Mguu wake ulikuwa mtupu, niliushika kwa mikono yangu miwili, laini kama wa mtoto. Weka kidole. Hesabu mwenyewe hizo tundu. Hizo ni njumu.