Swali kwa Kinyozi, Jibu kwa Binti

"Namba yangu umempa nani?"

"Sikiliza kwanza..."

"Nisikilize nini? Mtu ananitishia kifo, wewe unaniambia..."

"Nani kakutishia? Punguza sauti, kuna mteja..."

"Mteja na asikie! Baba, namba yangu umempa nani?"

"Mwanangu, mashine inawaka! Nitamkata mtu sikio!"

Mteja alishika sikio lake haraka. Alikuwa amenyolewa upande mmoja tu. Upande wa pili ulikuwa bado msitu. Kukimbia alitamani, lakini kwa kichwa kile angekimbilia wapi?

Kinyozi alizima mashine. Binti yake alikuwa amesimama kwenye pazia. Pazia hilo lilitenganisha saluni na nyumba. Alishika simu kwa vidole viwili, kama mtu aliyeokota panya.

"Haya, soma," Kinyozi alisema.

Binti alisoma: "'Kwa sababu wa zamani wanaacha au wanakufa. Pengo lazima lizibwe.'"

Saluni nzima ilinyamaza. Saluni nzima ilikuwa watu watatu.

"Pengo gani?" aliuliza mteja.

"Ndicho ninachouliza na mimi! Nikamwandikia: Wewe nani? Nakupeleka polisi. Unajua kanijibu nini? 'Asante kwa jibu lako.'"

Mteja alicheka mpaka nywele zikamwingia mdomoni. Kinyozi hakucheka. Alitoa simu mfukoni.

"Mimi nimeletewa swali," alisema polepole. "Leo asubuhi. 'Kwa nini kampuni za sigara hutafuta wavutaji wapya kila siku? Jibu analo mwenzako. Muulize.'"

Baba na binti walitazamana.

"Kwa hiyo huyo mwenzako ni mimi?"

"Nilitaka kukuambia."

"Lini?"

Kinyozi aliwasha mashine tena. Binti alirudi ndani. Pazia lilicheza kidogo, likatulia.

Nyumba ile ilikuwa na watu wawili na pazia moja. Mbele ilikuwa saluni. Nyuma vilikuwa vyumba viwili na jiko. Mama wa nyumba alifariki miaka miwili iliyopita. Tangu siku hiyo, binti hakuvuka pazia. Alipita mlango wa nyuma kwenda kazini, kwenye duka la kutoa fotokopi. Alirudi kwa mlango huohuo. Alipika, akafunika sahani ya baba yake, akamtumia meseji: Chakula kipo. Baba naye alijibu: Asante. Kati yao palikuwa na hatua sita.

Wakati mwingine binti alicheka na rafiki yake kwenye simu. Kinyozi alipunguza sauti ya redio ili asikie kicheko hicho. Kikiisha, alipandisha redio.

Wiki iliyopita aliingia chumbani kwa binti kubadilisha taa. Chini ya kitanda aliona begi. Lilikuwa limejaa, limefungwa. Juu yake palikuwa na karatasi yenye anwani ya shangazi wa mji mwingine, na neno Jumamosi. Kinyozi alijaribu taa, ikawaka. Akatoka. Hakuuliza.

Sasa zilibaki siku tano kufika Jumamosi.

Kesho yake Nesi alikuja kunyolewa. Nesi alifanya kazi kituo cha afya cha jirani. Alipenda nywele fupi sana, na maneno marefu kidogo.

"Nesi, umenigombanisha na mtoto," Kinyozi alisema, akimfunga kitambaa shingoni.

"Mimi tena?"

"Hizo meseji za kituo chenu ulizoniandikisha. Ulisema taja mtu unayeishi naye. Nikamtaja. Kadhani wanataka kumuua."

"Hukumwambia?"

"Sikupata nafasi."

"Mnaishi nyumba moja, nafasi umekosa wapi? Barabarani?" Nesi alimtazama kupitia kioo. "Na mbona hakusoma meseji ya kwanza, ya maelezo?"

"Aliifuta. Alidhani matapeli."

"Kwa hilo nampongeza. Sasa sikiliza. Mmoja anapata swali, mwingine anapata jibu. Tumefanya makusudi. Tukikupa vyote wewe, utasoma, utafuta, utalala. Tunataka muongee. Kampuni za sigara zinaongea na familia zenu kila siku. Familia zenyewe haziongei."

"Mimi lakini sivuti. Sijawahi kuvuta hata moja. Hayo mambo hayanihusu."

Nesi alinyanyua kidole kutoka chini ya kitambaa, akaonyesha mbele.

Kioo kile kikubwa kililetwa na kampuni ya sigara, bure. Juu yake palibandikwa farasi mwekundu, alama ya sigara zao. Chini ya kioo palikuwa na kasha la vioo lenye taa ndani. Humo zilipangwa pakiti. Kasha lilikaa kati ya kopo la poda na chupa ya pipi. Wateja waliosubiri walinunua sigara moja moja, wakavutia palepale kwenye benchi.

"Huvuti," Nesi alisema, "lakini unawafanyia kazi. Tena bila mshahara. Hata wao wenyewe wanashangaa walikupata wapi."

Kinyozi alicheka kidogo. Kisha akaacha.

"Ijumaa ya wiki ijayo Bwana Sampuli analeta viti viwili vya ngozi," alisema. Bwana Sampuli alikuwa wakala wa kampuni. Aliitwa hivyo kwa sababu mfukoni hakukosa kitu cha kugawa. "Nasaini karatasi tu. Kasha linakaa hapa miaka mitatu. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara ana viti vipya, Nesi. Wateja wananikimbia."

"Mimi sikukatazi. Subiri swali linalofuata. Ila safari hii, muulize mwenzako kwa mdomo."

Swali lilikuja Jumatano mchana. Binti alikuwa amerudi kula. Kinyozi alisoma mara tatu. Alikwenda kwenye pazia, akasimama.

"Hodi," alisema.

Mtu anapiga hodi kwake mwenyewe!

"Baba? Kuna nini?"

"Nimeletewa swali. 'Pakiti za sigara mahali penu zimewekwa juu kiasi gani? Weka macho yako kwa urefu huo. Hayo ni macho ya nani?'"

Simu ya binti ililia nyuma ya pazia. "'Ni macho ya mtoto,'" alisoma. "'Mtoto huzoea anachokiona kila siku, kabla hajajua ni kitu gani.'"

"Basi hawa wamekosea," Kinyozi alisema. Alifurahi kidogo. "Kasha langu liko juu. Mtoto akisimama hapa halioni."

"Ubao, baba."

"Ubao gani?"

Pazia lilifunguka. Binti aliangalia sakafu ya saluni kama mtu anayeangalia maji ya baridi. Halafu akavuka. Alikwenda pembeni, akachukua ubao. Kila kinyozi anao. Mtoto akija kunyolewa, ubao unawekwa juu ya mikono ya kiti, mtoto anakaa juu, ili kichwa kimfikie kinyozi. Binti aliuweka kwenye kiti. Pa!

"Piga magoti hapa mbele ya kiti. Weka macho mahali pa mtoto."

Kinyozi alipiga magoti. Magoti yalilia. Miaka ishirini aliwanyoa watoto kwenye ubao ule, akiwa amesimama nyuma yao. Hakuwahi kutazama walichokuwa wanakitazama.

Mbele ya macho yake palikuwa na kasha. Si juu, si chini. Palepale. Taa iliwaka, pakiti zikang'aa, pipi zikiwa jirani yake. Mtoto anakaa pale dakika kumi. Anaambiwa: tulia, usigeuze kichwa, tazama mbele.

"Mimi nilikaa hapa kila mwezi," binti alisema. "Darasa la pili mwalimu alituambia tuchore mnyama. Nilimchora farasi huyu. Mwekundu, na herufi zake zote. Jina lako nilikuwa bado sijui kuliandika."

Kinyozi hakuinuka.

"Na mama alikuwa anakaa pale." Binti alionyesha benchi, chini ya dirisha. "Anakunja taulo. Mteja akiwasha sigara, mama anafungua dirisha. Wewe unasema wateja wanaona baridi. Unalifunga."

"Hata ukilifungua, Nesi anasema moshi hauishi."

"Mama hakumjua Nesi. Alijua kifua chake."

"Hakuwahi kulalamika."

"Hakuwahi kuulizwa."

"Daktari alisema ni pumu, mwanangu. Alikuwa nayo tangu utoto..."

"Sisemi moshi ndio uliomuua. Sijui. Na wewe hujui. Nasema, baba, katika nyumba hii hakuna aliyemuuliza unamsumbua au haumsumbui."

Kinyozi alitazama simu yake. Kwa hilo simu haikuwa na kitu. Alibaki amepiga magoti mbele ya kiti chake mwenyewe.

"Haya," alisema mwishowe. "Nakuuliza wewe. Moshi unakusumbua?"

"Kwani unadhani pazia naliogopa kwa nini?"

Kinyozi aliinuka kwa kushika kiti. Alichomoa waya wa kasha. Taa ilizimika. Akatoa pakiti moja moja, akazitia kwenye mfuko. Binti alichukua wembe mpya, akapanda juu ya stuli.

"Unafanya nini?"

"Namnyoa farasi."

Farasi alibanduka kwa vipande. Mkia, miguu, halafu tumbo. Kichwa kilikuwa kibishi. Kinyozi alileta maji ya moto na sabuni.

"Sikio limebaki," alisema.

"Liache. Ulishazoea kutishia watu masikio."

Wote wawili walicheka. Safari hii hakukuwa na redio ya kupunguza.

Kesho yake binti alileta tangazo alilolichapa kazini: Hapa hatuvuti na hatuuzi sigara. Ukitaka kuvuta nje, kaa mbali na dirisha. Wateja wawili walinuna. Mmoja alihamia ng'ambo. Wa pili alivutia mbali, karibu na mtaro, halafu akarudi. Mama mmoja wa jirani alimleta mwanawe, akasema alikuwa akimpeleka kwa kinyozi wa mbali kwa sababu ya moshi. Mtoto alikaa kwenye ubao, akajitazama kwenye kioo. Hapakuwa na kitu kingine cha kutazama. Alijikunjia uso, akajitolea ulimi, akajicheka.

Jumamosi ikafika. Kinyozi aliamka mapema, akakaa kwenye benchi. Alitaka kuuliza kuhusu begi, akaanza kukunja taulo. Saa tatu pazia lilifunguka.

"Baba, begi hili lina zipu mbovu. Nitaenda kwa shangazi mwezi ujao, siku mbili tu. Nisaidie kulipandisha juu ya kabati."

Alilipandisha. Lilikuwa zito. Hakuwahi kufurahia mzigo namna ile.

Ijumaa iliyofuata, gari dogo lilisimama nje. Viti viwili vya ngozi vilikuwa nyuma, vimefungwa nailoni. Bwana Sampuli aliingia na karatasi zake. Alikuwa na shati lenye farasi mfukoni, na uso wa mtu aliyelala kwenye gari.

"Kinyozi wangu! Leo unakuwa mtu mkubwa." Aliona kioo. Akaona mahali pa kasha. "Farasi kaenda wapi?"

"Kanyolewa."

"Na kasha?"

"Lipo kwenye boksi, na pakiti zake zote. Chukua. Na viti vyako rudi navyo, ndugu yangu. Vizuri, lakini vinakuja na mengi."

"Usiniambie kampuni nyingine imekupa kitu."

"Hapana. Nilipiga magoti tu."

Bwana Sampuli hakuelewa. Alijaribu tena. Alitaja viti, kofia, mwavuli, hata saa ya ukutani. Kinyozi alitikisa kichwa kila mara. Mwishowe Bwana Sampuli alikunja karatasi, akajitupa kwenye kiti cha zamani.

"Basi ninyoe ndevu. Hapo pia umekataa?"

"Ndevu hazina ubaya."

Kinyozi alimpaka povu. Wembe ulipofika shingoni, simu mbili zililia pamoja. Moja mfukoni mwa Kinyozi, moja nyuma ya pazia. Kinyozi aliweka wembe chini.

"Mwenzangu!" aliita. "'Kioo, kiti, mwavuli: kwa nini kampuni ya sigara inakugawia bure?'"

"'Kwa sababu matangazo yakikatazwa barabarani,'" sauti ilijibu kutoka ndani, "'zawadi inatangaza nyumbani.' Baba, huyo si Bwana Sampuli kabisa?"

"Ndiye. Yuko na povu."

"Mwambie pole!"

Bwana Sampuli hakukasirika. Alitazama pazia.

"Huyo ni nani?"

"Binti yangu."

"Mnafanya hivyo kila siku?"

"Mara tatu kwa wiki. Ni meseji za kituo cha afya, bure. Ila lazima muwe wawili."

Bwana Sampuli alitoa simu, povu likiwa bado kidevuni. Alianza kupitia majina kwa dole gumba. Kinyozi aliyaona kwenye kioo bila kutaka. Bosi. Ghala. Dereva. Gesti ya Stendi. Gesti ya Pili. Fundi Gari. Dole gumba lilifika mwisho, likarudi juu, likashuka tena. Bosi. Ghala. Dereva. Kisha Bwana Sampuli aliilaza simu kifudifudi, mahali palipokuwa na kasha.

"Kinyozi," alisema, akiongea na kioo. "Nipe namba yako. Nataka kujiandikisha, na sina mtu wa kumtaja. Naomba nikutaje wewe."