Chumba cha Mateka

— Nani huyu anayekuita mpenzi?

Dereva aliuliza hivyo huku amemkaba mkewe shingo, kamgandamiza ukutani kwenye chumba cha mateka, kule chini kabisa ya ngome. Mkono wa pili ulishika simu ya mkewe. Akaisoma kwa sauti:

"Mpenzi, kazi ya melini umepata. Njoo na pasipoti. Tunang'oa nanga saa kumi."

— Ni mpishi wa meli.

— Kumbe. Mimi nawabeba watalii wake kwenye basi langu, yeye ananibebea mke.

— Niachie. Wageni wanashuka sasa hivi.

Kila meli ya watalii ilipotia nanga, mume aliwaleta kwa basi, mke akawatembeza ngomeni na kuwasimulia historia. Leo mke alitangulia chini kuwasha taa, akawaacha thelathini na wawili juu ya ukuta wakipiga picha mizinga. Mumewe akamfuata.

Kofi la kwanza liling'oa hereni. La pili lilimtupa kwenye sakafu ya mawe, mdomo ukapasuka. Jamani, mwanamume yule alipiga kama anayekung'uta zulia. Miaka sita alikuwa akichagua sehemu zinazofichwa na nguo, leo hakuchagua.

— Unampenda?

Uongo wa kumwokoa alikuwa nao mdomoni tayari. Lakini alikuwa amechoka, tena amechoka kweli kweli.

— Nampenda. Hajawahi kuniinulia mkono.

Teke likamwingia mbavuni. Dereva akachomoa pasipoti mfukoni, akampepea nayo usoni.

— Nimeitoa kwenye begi lako asubuhi. Leo nakumaliza humu humu, halafu nasema uliteleza kwenye ngazi. Si ndivyo nilivyosema siku ile mimba ilipotoka? Nani alibisha? Hata mama aliamini.

Hasira hasara. Kwenye ukosi wa shati la mkewe kilibanwa kipaza sauti kidogo, kile kinachopeleka maelezo masikioni mwa wageni, na mwenyewe alisahau kukizima alipokuwa akishuka. Wageni kule juu hawakujua lugha. Walidhani ni igizo la mambo ya kale, na wawili wakapiga makofi. Ila palikuwa na mwingine aliyevaa sikioni kisikilizio kama cha wageni kila siku, ili ajue kundi limefika wapi, akafungue chumba kinachofuata. Huyo ni mshika funguo wa ngome, mama mzazi wa dereva.

Ndiye huyo huyo aliyekuwa akimwambia mkwewe kila alipolia: "Vumilia, mwanangu. Ndoa ndivyo ilivyo."

Alishuka ngazi mbio na magoti yake mabovu. Akamkuta mwanawe kakalia kifua cha mkewe, vidole viwili vya mwanamke vimekunjwa nyuma hadi kimoja kimevunjika. Mama alimtwanga mwanawe kisogoni kwa kufuli la chuma, akamkokota mkwewe nje kwa kwapa, akabamiza mlango wa nondo na kuufunga.

— Mama, una wazimu?

— Mimba ilitoka kwa mateke?

— Hayo ni mambo ya ndani, mama.

— Nilimgombeza mtoto wa watu kwamba hatazami anapokanyaga. Kalala hospitali, nami nimesimama kando ya kitanda namgombeza.

Damu ilimchuruzika dereva shingoni. Alizitikisa nondo kwa mikono miwili, akamtukana mkewe, mpishi na meli yenyewe.

— Leta hiyo pasipoti nikufungulie, mama akasema.

Akaipitisha katikati ya nondo. Mama akaifuta damu kwa kanga, akampa mkwewe.

— Nenda bandarini. Nguo usirudi kuzichukua.

— Mama, nisamehe.

— Wewe ndiye wa kunisamehe, mwanangu. Daktari wa meli akutazame hicho kidole.

Mwanamke akapanda ngazi akishikilia ukuta, mbavu zikimchoma kila hatua. Nyuma yake alimsikia mumewe amebadilisha sauti, analia.

— Mama, nifungulie. Shetani alinipitia. Sitarudia tena, nakuapia.

Mama alikuwa ameketi kwenye jiwe mbele ya mlango, simu sikioni, akisubiri polisi wapokee.

— Baba yako naye aliomba hivyo hivyo, neno kwa neno, akamjibu. Na mimi kila mara nilimfungulia.