Kura za Chumba cha Tatu

Asubuhi baada ya uchaguzi, maiti ya Célestin ilikutwa imekwama ndani ya mgono, kikapu kikubwa cha kunasia samaki, kwenye maporomoko ya Wagenia. Jana yake alikuwa shahidi wa upinzani katika chumba cha tatu cha kupigia kura.

Inspekta Daniella hata hajaifikia maiti, komanda wake akapiga simu. "Andika amezama, tumalize."

Amezama! Mvuvi aliyezaliwa juu ya mawe yale! Kisogoni alikuwa na jeraha pana, na daktari alithibitisha kwamba alikufa kabla ya kutupwa mtoni.

Sandrine, mjane wake, alimshika Daniella mkono. "Madame, wakiandika amezama, batoto yangu watasema papa yao alikufa bure."

Chifu wa mtaa wenye chumba kile cha kura, Wenceslas, alijileta mwenyewe kutoa ushahidi.

"Nilimuona na macho yangu. Alipanda ku miti ya kufungia migono, akavuta mugono yake, akateleza."

"Mgono upi?"

"Ule mulimukuta ndani."

"Papa, wewe si mtu wa hapa mtoni?"

"Hapana, mimi niko wa Makiso, kule mujini."

"Mgono ule ni wa ukoo wa Bavon. Hapa mvuvi hagusi mgono wa ukoo mwingine, hata alale njaa. Célestin angeuvuta kwa nini?"

Wenceslas aliutazama ule mgono, akaketi juu ya jiwe.

"Bon. Nilimupiga na chuma. Tulikuwa tunabonyeza mashine ya kura kwa ajili ya wale hawakuja kupiga kura. Tulimufukuza, akakataa kutoka. Akapiga kelele: hapa mukubwa wa inchi ameanguka kwa kura!"

"Ni kweli alianguka?"

"Kwetu tu. Pahali pengine kote alishinda."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna mutu. Niliogopa wakubwa waseme ni ku mutaa yangu walimukataa."

Daniella alichomoa pingu kwa hasira. Watu wanapanga foleni juani, wanachovya kidole kwenye wino, kumbe mshindi anajulikana! Na bado mtu anauawa ili ushindi huo upendeze!

Alimfunga pingu, akampigia komanda. "Nimeandika ameuawa. Na muuaji amekiri." Akakata simu kabla hajajibiwa.

"Madame," Wenceslas alinong'ona, "chumba yetu wametangaza asilimia ngapi?"

"Chumba chenu hawakukitangaza. Matokeo ya nchi nzima yalisomwa redioni asubuhi, kura zenu bado zimo sandukuni. Hawakuzingoja."

Hapo ndipo Wenceslas alipoanza kulia.